Parkingi za Lubumbashi: ofisi ya umma ndiyo, mfuko mwingine hapana

Muulize dereva yeyote wa Lubumbashi ni watu wangapi walimuomba pesa ya parkingi wiki hii. Hatakujibu mara moja. Atahesabu kwanza kwa vidole. Kuna kijana wa mbele ya duka anayepunga kitambaa: "Papa, tia hapa, nitakuchungia." Kuna mtu aliyevaa jile ya njano, ana kitabu cha jetoni mkononi, anasema ametumwa na ofisi moja. Kuna mwingine, naye na kitabu chake, ametumwa na ofisi nyingine. Na kuna yule anayekuonyesha kwamba tairi lako limepita mstari, hata kama mstari wenyewe hauonekani tena tangu mvua ya mwaka juzi.

Wote wanapata kitu. Dereva anarudi kwenye gari na vipande vitatu vya karatasi mfukoni, na hakuna hata kimoja kinachomwambia nani atajibu kama kioo cha pembeni kimeibiwa.

Sisi tunasema wazi: mji huu unahitaji shirika moja la umma la kusimamia parkingi. Moja, si la nne juu ya yale yaliyopo. Na tunajua kwamba msomaji wetu, akisikia maneno "shirika la umma", anasikia tayari harufu ya ofisi mpya, magari mapya ya wakubwa, na kodi mpya kwa mdogo. Hofu hiyo si ya bure. Ndiyo maana kazi ya wabunge wa jimbo na meya haitakuwa kutupatia shirika tu, bali kutuonyesha kwanza mlango ambao pesa itaingilia na ule ambao itatokea.

Tuanze na barabara. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na barabara zake za katikati zilichorwa zikiwa pana na zilizonyooka, wakati magari yalikuwa machache kabisa. Leo mji una komine saba, lakini benki, ofisi za serikali, maduka makubwa na wanasheria bado wamejikusanya katika komine moja. Kila asubuhi watu wanatoka Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na Annexe, wote wanakimbilia sehemu ile ile. Magari wanayonunua mengi yanashukia bandari ya Dar es Salaam, yanapita Tunduma, yanavuka Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Bei ya gari ya mtumba ilishuka mpaka kwa mwalimu na muuguzi, na hilo ni jambo zuri. Ila barabara haikupanuka.

Basi gari la kwanza linasimama kando ya njia. La pili, likikosa nafasi, linasimama sambamba nalo, taa zikipepesa, dereva akisema ni dakika mbili tu. Taksi-basi inayotafuta abiria inasimama katikati kabisa. Wamanseba wanapenya palipobaki. Mama mwenye beseni kichwani, ambaye alikuwa na haki ya kutembea kando ya barabara, anakuta pale pamekuwa parkingi ya magari na anashuka barabarani. Sheria ya trafiki ya nchi hii, ile ya tarehe 30 Agosti 1978, haimruhusu dereva kusimamisha gari pale linapozuia wengine kupita. Sheria iko, lakini mahali pa kusimama pameandikwa wapi?

Hapa kuna jambo dogo ambalo watu wa ofisini hawalioni, lakini kila abiria wa hapa analijua. Taksi-basi zetu nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako wanaendesha upande wa kushoto. Usukani uko kuume na mlango wa abiria uko kushoto. Sisi tunaendesha upande wa kuume. Kwa hiyo basi ikisimama vizuri kabisa kando ya njia, na kama mwenyewe hakuubadilisha mlango ule, abiria anashukia upande wa magari yanayopita. Mtoto wa shule anashukia pale. Bibi mwenye mzigo anashukia pale. Mji usio na vituo vilivyochorwa na kulindwa unamwacha dereva aamue peke yake wapi atawamwaga watu. Shirika la parkingi ambalo litakusanya pesa kwa gari dogo la mtu wa benki na kusahau vituo vya taksi-basi litakuwa limefanya nusu ya kazi, tena ile nusu iliyo rahisi.

Sasa tuje kwenye pesa.

Tufanye hesabu ya mfano tu, ili kila mtu aone ukubwa wa jambo. Tuseme mji unachora nafasi 500 katikati. Tuseme kila nafasi inapata magari manne kwa siku, na kila gari linalipa faranga 1.000. Hiyo ni faranga 2.000.000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, ni faranga 52.000.000 kwa mwezi. Ukiweka wafanyakazi 60 na kumpa kila mmoja faranga 300.000, unatoa 18.000.000. Zinabaki 34.000.000 kila mwezi. Weka pembeni rangi, vibao, simu na karatasi. Bado kunabaki kitu cha kuziba mashimo, kusafisha mifereji na kurudisha taa kwenye barabara chache. Hesabu yetu inaweza kuwa na makosa kwa juu au kwa chini. Lakini leo hata hesabu yenye makosa hatuna, kwa sababu kinachokusanywa barabarani hakitangazwi popote ambapo raia anaweza kukisoma.

Mji mmoja wa Marekani unaoitwa Pasadena, katika jimbo la California, ulikuwa na kata ya zamani iliyochakaa. Wenye maduka walikataa mashine za kulipisha parkingi, wakisema wateja watakimbia. Mwaka 1993 mji ukawaambia: pesa yote ya mashine hizi itabaki hapa hapa, kwenye barabara zenu. Wenye maduka wakabadilisha jibu. Pesa ile ilitengeneza njia za waenda kwa miguu, ikapanda miti, ikaweka taa, na kata ikafufuka. Profesa Donald Shoup wa Los Angeles, aliyeandika mwaka 2005 kitabu kikubwa juu ya parkingi, aliufanya mfano huu kuwa moja ya nguzo za mafundisho yake. Alisema pia kwamba bei nzuri ya parkingi si ile inayoleta pesa nyingi zaidi, bali ile inayoacha karibu nafasi 15 tupu katika kila 100, ili anayefika apate pa kusimama bila kuzunguka.

Mwenye duka wa chaussée Laurent-Désiré Kabila hana tofauti kubwa na yule wa Pasadena. Atakubali kulipa na atakubali mteja wake alipe, siku ambayo ataona kwa macho yake mfereji wa mbele ya duka umesafishwa na pesa hiyo. Asipoona, atamwambia mteja asimame kwenye njia ya waenda kwa miguu, na atampa askari soda.

Kuna wanaosema: kwa nini shirika la umma? Mpe mtu binafsi, ana mashine, ana nidhamu, analipa mji mapema, biashara imeisha. Kwa hao tunajibu kwa mfano wa Chicago. Mwaka 2008 mji ule ulikodisha mashine zake za parkingi, karibu 36.000, kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, ukapokea dola bilioni 1,15 kwa mara moja. Kiasi kikubwa, siyo? Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa mji akaandika kwamba mji uliuza kwa hasara ya karibu dola milioni 974. Bei kwa dereva ikapanda. Na hadi leo mji ukitaka kufunga barabara yenye nafasi hizo kwa sherehe au matengenezo, kampuni inadai fidia. Barabara ni za mji, lakini mji unaomba ruhusa. Kama Chicago, yenye wanasheria wengi kuliko sisi, iliingia kwenye mtego huo, sisi tuwe waangalifu na mkataba wowote utakaoletwa mezani ukiwa tayari umeandikwa, unangoja sahihi tu.

Lakini kusema "umma" peke yake hakutoshi. Katiba ya mwaka 2006 inaupa mji na komine utu wa kisheria, na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya mashirika ya ugatuzi inasema vyombo hivi vinajitawala katika kusimamia mali yao. Kodi zinazoruhusiwa kwa majimbo na kwa mashirika ya ugatuzi zimeorodheshwa katika amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 13 Machi 2018. Hilo ndilo swali la kwanza la kila dereva, na halina ufidhuli wowote: hii ninayolipa iko kwenye orodha? Kama iko, nani ana haki ya kuipokea: jimbo, mji, au komine? Kama haiko, jetoni hiyo ni karatasi tu. Sheria ya jimbo itakayounda shirika lazima ijibu maswali haya katika vifungu vyake vya mwanzo, kabla ya kuzungumzia mishahara ya wakurugenzi.

Na iseme jambo lingine kwa lugha isiyo na mlango wa nyuma: siku shirika linapoanza, wengine wote wanaacha kukusanya. Tumezoea katika nchi hii kwamba huduma mpya haifukuzi ya zamani. Inakaa kando yake, na raia analipa mbili. Kama shirika la parkingi litaanza huku vitabu vingine vya jetoni vikiendelea kuzunguka, basi afadhali tusiliunde.

Wenzetu wa Dar es Salaam wanatupa somo juu ya jambo moja. Kule wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, ndio umesimamia ada za maegesho, na dereva analipa kwa simu akitumia namba anayopewa. Madereva wetu wanaokwenda kuchukua magari bandarini wanajua jinsi inavyofanyika. Sisi pia tuna M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Muuza nyanya wa soko la Mzee Kabila anapokea malipo kwa simu, iweje parkingi ishindwe? Mtu mwenye jile abaki na kazi ya kuangalia namba ya gari na kumwelekeza dereva, lakini mkono wake usiguse faranga. Anayetaka kulipa pesa taslimu alipe kwa kibanda cha wakala wa simu, pale pale kwenye kona. Mashine za kisasa zinazotoka nje tutaziacha kwanza. Zitakufa kwa kukosa umeme, tena tutaambiwa zikarabatiwe kwa dola.

Tahadhari moja tu. Malipo ya simu yasiwe njia ya kumrundikia mtu deni asilolijua. Dereva akikosa kulipa, akute karatasi kwenye kioo chake siku hiyo hiyo, yenye saa, mahali, na ofisi ya kwenda kulalamika.

Hilo la malalamiko linanileta kwenye minyororo. Nawaomba wasomaji waniruhusu niseme kwa jina langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, katika mji ambao sitautaja, nilisimamisha gari la rafiki mbele ya duka la dawa, nikarudi baada ya dakika kumi na kukuta tairi limefungwa. Hapakuwa na kibao. Mtu aliyefunga alikuwa ameketi hatua tano kutoka pale, ananiangalia nikisoma bei ya dawa. Aliniambia bila aibu: "Patroni, sisi tunakula kwa asilimia." Nililipa, na sikupewa karatasi yoyote.

Sikumkasirikia yeye sana. Nilimkasirikia aliyeandika mkataba wake. Mtu unayemlipa kwa asilimia ya faini hatakusaidia kusimama vizuri. Atajificha nyuma ya mti na kungoja ukosee. Kwa hiyo wafanyakazi wa shirika walipwe mshahara unaojulikana, na faini isigeuzwe kuwa chakula cha mtu wala cha shirika. Gari linalofunga njia ya hospitali Sendwe liondolewe mara moja, hatuna ubishi. Lakini gari lililochelewa dakika kumi na tano kwenye nafasi halali halizuii mtu yeyote kufika kwa daktari.

Sasa, vijana wa vitambaa. Kila mpango wa kusafisha katikati ya mji unaanza kwa kuwafukuza. Wanapakiwa kwenye lori, wanalala polisi siku mbili, wanarudi. Wengine wameishi kwenye kona hizo miaka mingi, wanajua gari la nani ni lipi, wanajua mwizi wa vioo anatoka kartie gani. Ukiwafukuza na kuleta watoto wa ndugu wa wakubwa wakiwa na jile mpya, utakuwa umeharibu vitu viwili kwa mara moja: umemnyima kijana mkate wake, na umemweka barabarani mtu asiyejua barabara. Tunapendekeza shirika liandike kwanza majina yao, kona kwa kona, na nusu ya nafasi za kazi za kwanza zitoke kwenye orodha hiyo. Siyo wote watafaa. Wapo wanaotisha akina mama, na wapo wanaovunja wenyewe kioo cha asiyewalipa. Wenye maduka wanawajua, wataulizwa. Mfunze aliyebaki, mpe kitambulisho chenye picha, mpe mshahara. Atafanya ile ile kazi aliyokuwa akiifanya, safari hii akiwa na jina.

Kuhusu uongozi wa shirika hatutasema mengi. Sheria ya nchi ya tarehe 7 Julai 2008 juu ya mashirika ya umma inadai baraza la uongozi, kurugenzi na wakaguzi wa hesabu, na jimbo linaweza kufuata umbo hilo. Sisi tunaongeza tu kwamba katika baraza hilo akae mtu wa madereva wa taksi-basi, mtu wa wenye maduka na mtu wa walemavu, kwa sababu katika mji huu wenye viti vya magurudumu ndio wanaojua kuliko meya ukubwa wa tatizo la njia ya miguu iliyofungwa. Na kila mwezi karatasi moja ibandikwe ukutani pa meri na pa kila komine: tumekusanya kiasi hiki kwenye avenue hii, tumetumia kiasi hiki hapa. Karatasi moja tu. Mwenye duka ataisoma, mwanafunzi ataipiga picha, na sisi waandishi tutakwenda kuangalia kama mfereji ulioandikwa upo.

Wapinzani wetu wana hoja moja nzito, na hatutaki kuiruka. Wanasema: dereva wa Lubumbashi analipa tayari kodi ya gari ya kila mwaka, ushuru maalum wa barabara, bima, ukaguzi wa gari, na péage akienda Kasumbalesa au Likasi. Amelipa yote hayo na bado anakwepa mashimo. Kwa nini alipe tena kwa kusimama? Ni kweli. Jibu letu ni kwamba kwa kusimama analipa leo tayari, ila analipa gizani. Hatumuombi afungue mfuko mara ya pili. Tunaomba kile kinachotoka tayari kipewe jina na anwani. Na kama bei mpya itakuwa juu ya kile anacholipa leo kwa vijana na vitabu vya jetoni, basi atakuwa na haki ya kukataa, na ukurasa huu utamsindikiza.

Ndiyo maana tungependa mambo yaanze kidogo. Barabara mbili au tatu, tuseme sehemu ya avenue Sendwe na ya Mama Yemo, kwa miezi sita. Mistari ichorwe, vituo vya taksi-basi vichorwe kabla ya nafasi za magari madogo, malipo yapite kwa simu, hesabu ibandikwe. Likifaulu, litaenea kwenda soko la Kenya na kwingine. Likishindwa, tutakuwa tumepoteza ndoo chache za rangi, na hakuna ofisi ya ghorofa itakayobaki ikidai mishahara.

Na kabla ya yote hayo, kuna kazi ambayo haihitaji sheria wala bajeti. Meya na waziri wa jimbo anayehusika na usafiri watume watu wawili wenye daftari. Watembee kwa miguu kutoka Posta hadi soko la Mzee Kabila, asubuhi ya siku ya kazi, na kila wanapomkuta mtu mwenye kitabu cha jetoni wamuulize maswali matatu: nani alikupa kitabu hiki, jioni unamrudishia nani pesa, na wewe unabaki na ngapi. Kabla ya saa sita mchana watakuwa wamemaliza. Majibu hayo yawekwe mezani pa wabunge wa jimbo siku watakapoanza kuzungumzia shirika, na nakala moja iletwe kwetu, tutaichapisha.